Daktari Lucille wa Lacor: Mpasuaji aliyeambukizwa akiokoa majeruhi wa vita Gulu

Mwaka 1985, Dk Lucille Teasdale alikuwa na umri wa miaka 56 na alikuwa ameishi kaskazini mwa Uganda kwa miaka 24. Kwa miezi mingi mwili wake ulikuwa umeanza kumsaliti. Alikonda, alichoka upesi na kuandamwa na maradhi yaliyokataa kwisha. Ndipo alipopimwa kwa kipimo ambacho dunia ilikuwa imekipata mwaka huo huo. Majibu yalionyesha kuwa ana virusi vya Ukimwi.

Hakuvipata nyumbani wala kwa kuongezewa damu. Alivipata mezani, katika chumba cha upasuaji cha Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, mikono yake ikiwa ndani ya majeraha ya watu wengine. Kwa miaka mingi alikuwa akipasua askari na raia waliopigwa risasi, na mara kwa mara vipande vyenye ncha kali vya mifupa iliyovunjika vilitoboa glavu na kumkata vidole. Kwa kila mkato, damu ya mgonjwa na damu ya daktari zilikutana.

Madaktari walimkadiria miaka miwili ya kuishi. Aliishi kumi na mmoja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia Lacor, akiwahudumia wagonjwa.

Leo, Waacholi wanapomtaja daktari huyu, hawamtaji kama mgeni. Kaburi lake liko ndani ya uzio wa hospitali, kilometa kama sita magharibi mwa mji wa Gulu. Maisha yake ni habari ya mwanamke mmoja na hospitali moja, lakini yanamhusu pia kila muuguzi, mkunga, mpasuaji na mhudumu wa maabara katika ukanda huu anayeshika sindano kila siku, na kila mgonjwa anayenyoosha mkono ili atolewe damu.

Binti wa Montréal

Lucille alizaliwa tarehe 30 Januari 1929 mashariki mwa jiji la Montréal, Canada, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Familia yake haikuwa ya wakubwa. Shule aliyosoma iliendeshwa na masista wa Kikatoliki, na huko, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, alisikia habari za masista waliowahi kufanya kazi miongoni mwa watoto maskini nchini China. Tangu hapo alitamani kuwa daktari na kufanya kazi mbali na kwao.

Katika Quebec ya miaka ya 1940, msichana kuwa na ndoto hiyo lilikuwa jambo la kushangaza. Mwaka 1950 aliingia kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Montréal, akiwa mmoja wa wanawake wachache darasani, na alihitimu mwaka 1955. Akachagua upasuaji, fani ambayo wanaume waliiona kuwa yao peke yao. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuwa wapasuaji katika jimbo hilo.

Alipotaka kuendelea na masomo Marekani, milango ilifungwa. Hospitali alizoziandikia hazikuwa tayari kumpokea mpasuaji mwanamke. Akageukia Ufaransa na kupata nafasi ya mafunzo katika jiji la Marseille.

Hapo ndipo alipomfuata Piero Corti. Piero, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1925 huko Besana in Brianza, karibu na Milan, alikuwa daktari wa watoto. Walikuwa wamefahamiana Montréal, katika Hospitali ya Sainte-Justine. Sasa alikuwa na mpango mkononi. Alikuwa amepata mahali Afrika ambapo angejenga hospitali ya kweli kwa ajili ya watu wasio na uwezo, naye alihitaji mpasuaji. Hakuwa na mshahara wa kumpa. Alimwomba aje kwa muda mfupi tu, miezi michache, ili kazi ya upasuaji ianze.

Lucille alikubali. Alifika Uganda Mei 1961.

Kituo cha vitanda vichache

Lacor haikuwa hospitali kubwa. Ilikuwa imeanzishwa mwaka 1959 na wamisionari wa Comboni, ikiwa na vitanda vichache na huduma iliyotegemea zaidi masista na wakunga. Kampala iko zaidi ya kilometa 300 kusini. Mgonjwa aliyehitaji kupasuliwa usiku hakuwa na pa kupelekwa.

Mafunzo ya Lucille yalielekea zaidi upasuaji wa watoto. Gulu haikumwachia nafasi ya kuchagua. Waliletwa wanawake walioshindwa kujifungua, watoto wenye ngiri, wakulima waliovunjika miguu, na watu waliojeruhiwa na wanyama. Alijifunza kufanya yote.

Miezi michache ikapita, naye akagundua kuwa hawezi kuondoka na kusahau. Tarehe 5 Desemba 1961, Lucille na Piero walifunga ndoa katika kanisa dogo la hospitali. Mwezi Oktoba mwaka uliofuata Uganda ilipata uhuru, na Novemba wakapata mtoto wao wa pekee, Dominique. Waliongeza jina la Kiacholi, Atim, ambalo hupewa msichana aliyezaliwa mbali na kwao. Dominique naye alikuja kuwa daktari.

Mume na mke waligawana kazi. Piero alitafuta fedha Ulaya, alisimamia ujenzi, dawa, umeme na maji. Lucille alishika kisu. Kadiri majengo yalivyoongezeka ndivyo foleni ya wagonjwa ilivyorefuka, na mpasuaji alibaki mmoja kwa muda mrefu. Kufikia mwisho wa kazi yake alikuwa amefanya zaidi ya operesheni 13,000.

Vita vinaingia wodini

Mwaka 1971 Idi Amin alichukua madaraka. Mwaka uliofuata Waasia walifukuzwa, na madaktari wengi wa kigeni wakaondoka nchini. Baadaye Waganda wasomi, wakiwamo madaktari, nao wakaanza kukimbia. Piero na Lucille walibaki.

Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yalimng'oa Amin. Kampala ilianguka Aprili 11. Askari wa Amin waliokuwa wakikimbia walipita kaskazini, wakipora njiani. Hospitali ya Lacor ikawa mahali pa kukimbilia, na chumba cha upasuaji kikawa cha vita. Lucille alipasua yeyote aliyeletwa, bila kuuliza alikuwa wa upande gani.

Kuanguka kwa Amin hakukuleta utulivu. Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya vita vya msituni katika eneo la Luwero, na vijana wengi wa Kiacholi walikuwa katika jeshi la serikali. Serikali iliangushwa Julai 1985, ikaangushwa tena Januari 1986, na baada ya hapo kaskazini yenyewe ikawa uwanja wa mapigano kwa miaka 20. Majeruhi hawakukoma.

Ili kuelewa Lucille aliambukizwaje, ni lazima kuelewa anachokabili mpasuaji mbele ya jeraha la risasi, na damu inavyofanya kazi.

Mwili wa mtu mzima una damu ya lita tano hivi. Mshipa mdogo ukikatika, mwili hujitibu wenyewe. Kwanza mshipa hujibana. Kisha chembe ndogo sana za damu ziitwazo chembe sahani hukimbilia palipokatika, hunata hapo na kunatana zenyewe kwa zenyewe, zikaziba tundu. Halafu protini zilizomo ndani ya damu huamshana moja baada ya nyingine, kama watu wanaopokezana ndoo za maji, hadi ya mwisho inapogeuka kuwa nyuzi ziitwazo faibrini. Nyuzi hizo hufunga chembe zile pamoja kama wavu, na damu huganda. Protini nyingi kati ya hizo hutengenezwa na ini. Baadhi huhitaji vitamini K, na kazi nzima huhitaji madini ya kalsiamu.

Mpangilio huo unatosha kwa mtu aliyejikata jikoni. Hautoshi kwa mshipa mkubwa uliopasuliwa na risasi, kwa kuwa damu hutoka kwa kasi inayosomba kila kinachotaka kuganda. Isitoshe, mtu aliyepoteza damu nyingi hupoa mwili, na damu iliyopoa huganda kwa shida. Ni lazima mkono wa mtu uingie, ukandamize, uutafute mshipa na kuufunga kwa uzi. Zikipita dakika chache tu, mgonjwa anaweza kufa.

Ndivyo alivyofanya Lucille, usiku na mchana. Jeraha hujaa damu kiasi kwamba jicho halioni kitu. Vidole hupapasa ndani ya nyama iliyosagika na mfupa uliovunjika vipande vipande, na vipande hivyo hukata kama chupa. Glavu za mpira huzuia damu kugusa ngozi, lakini hazizuii ncha kali. Katika hospitali nyingi za vijijini za wakati huo glavu zilioshwa, zikachemshwa na kutumiwa tena, maana hazikutosha.

Daktari aliyejikata hakusimamisha operesheni. Alibadilisha glavu kama zipo, akaendelea.

Adui asiyekuwa na jina

Wakati Lucille akijikata vidole, hakuna aliyejua hatari iliyokuwamo. Katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilayani Rakai, watu walianza kukonda na kufa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Waganda wakauita ugonjwa huo silimu. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, Watanzania waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikipendwa wakati huo. Wagonjwa wa kwanza waliotambuliwa Tanzania walipatikana huko mwaka 1983. Mwaka huo huo, wanasayansi wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris waligundua kirusi chenyewe. Kipimo cha damu kilianza kutumika mwaka 1985.

Kwa hiyo Lucille alikuwa miongoni mwa wahudumu wa afya wa mwanzo kabisa kujulikana kuwa wameambukizwa wakiwa kazini. Alipojua, dawa haikuwapo. Dawa ya kwanza ya kupunguza makali, AZT, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, nayo haikuwa na nguvu ya kutosha ikitumiwa peke yake.

Angeweza kurudi Canada au kukaa Italia na mumewe, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alirudi kwa wagonjwa wake. Kadiri nguvu zilivyompungukia alipunguza upasuaji, akawaachia madaktari vijana wa Uganda aliowafundisha, naye akabaki kuona wagonjwa wodini na wale wa nje, wakiwamo wenye kifua kikuu. Ukimwi ulikuwa sasa umejaa katika vitanda vile vile alivyovihudumia, naye aliujua ugonjwa huo kutoka pande zote mbili.

Heshima zilianza kufika. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani liliwapa yeye na mumewe tuzo ya Sasakawa. Canada ilimpa nishani ya taifa mwaka 1991, na jimbo la Quebec likafuata mwaka 1995. Mwaka 1993 wanandoa hao waliunda mfuko wa kuchangia hospitali ili isife watakapoondoka wao.

Julai 1996, jijini Vancouver, katika nchi aliyozaliwa, wanasayansi walikutana katika mkutano wa kimataifa wa Ukimwi. Huko yalitangazwa matokeo yaliyobadili historia ya ugonjwa huo. Dawa tatu zikitumiwa pamoja zilizuia kirusi kuongezeka, na wagonjwa waliokuwa wakingoja kifo waliinuka vitandani. Mkutano ulimalizika Julai 12.

Lucille alifariki tarehe 1 Agosti 1996 huko Besana, nyumbani kwa akina Corti, akiwa na umri wa miaka 67. Mwili wake ulirejeshwa Uganda ukazikwa Lacor.

Mrithi aliyekufa kwa njia ile ile

Miongoni mwa vijana waliofunzwa mikononi mwa Lucille na Piero alikuwamo Matthew Lukwiya, Mwacholi kutoka Kitgum aliyefika Lacor mwaka 1983 kwa mafunzo ya vitendo. Wenyeji wake walimwona mapema kuwa ndiye atakayeshika hospitali baada yao. Mwaka 1989 waasi walipokuja kuwachukua wauguzi, alijitoa achukuliwe yeye badala yao, akakaa nao msituni kwa wiki moja kabla ya kuachiwa. Alikuja kuwa mganga mkuu wa hospitali.

Mwanzoni mwa Oktoba 2000, Dk Lukwiya alikuwa Kampala akisomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii Chuo Kikuu cha Makerere. Aliitwa haraka. Wauguzi wanafunzi walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa ajabu, baadhi yao wakitokwa na damu. Aliporudi alipitia mafaili ya wagonjwa, akasoma miongozo ya homa zinazosababisha kutoka damu, na akashuku Ebola kabla maabara haijathibitisha. Alifungua wodi ya kutenga wagonjwa na kuwavisha wahudumu mavazi ya kinga, kisha akaingia mwenyewe pamoja nao.

Ebola huvuruga ule mpangilio wa kuganda kwa damu kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Huumiza ini linalotengeneza protini za kugandisha, hudhuru kuta za mishipa, na huifanya damu igande ovyo katika mishipa midogo mwilini mzima hadi akiba ya chembe sahani na protini iishe. Akiba ikiisha, hata tundu la sindano linaweza kukataa kuziba. Kwa muuguzi anayetoa damu ya kipimo au kuweka dripu, mgonjwa wa namna hiyo ni hatari kuliko wote, kwani damu yake imejaa virusi na haikauki upesi.

Inaaminika kuwa Dk Lukwiya aliambukizwa usiku mmoja wa Novemba alipokimbilia kumsaidia muuguzi mwenzake aliyekuwa akivuja damu. Alivaa gauni, glavu na barakoa. Hakuvaa miwani ya kinga. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43, akazikwa karibu na Lucille. Mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika Februari 2001, watu 425 walikuwa wameugua na 224 kufa, wakiwamo wafanyakazi 13 wa Lacor. Piero Corti alifariki Aprili 2003, naye akazikwa hapo.

Kilichobadilika, na kisichobadilika

Miaka michache baada ya Lucille kupimwa, wataalamu wa afya walikubaliana juu ya kanuni ambayo ingeweza kumsaidia. Damu ya kila mgonjwa ichukuliwe kuwa ina maambukizi, awe mtoto, mzee, askari au padri, bila kungoja majibu ya kipimo. Kanuni hiyo ilizaliwa kwa sababu ya watu kama yeye, waliomhudumia kila mtu bila kujua nani ana nini.

Leo inajulikana hatari ni kubwa kiasi gani. Mhudumu akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya Ukimwi, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini aina ya C ni kama 2 katika 100. Kwa homa ya ini aina ya B, kwa mtu asiyechanjwa, unaweza kufika hadi 30 katika 100. Namba hiyo ya mwisho huwashangaza wengi, kwa kuwa wahudumu wengi huogopa Ukimwi na kusahau chanjo ya homa ya ini, ambayo ipo na inafanya kazi.

Kwa mtu aliyejichoma mara moja, 3 katika 1,000 ni ndogo. Kwa mpasuaji aliyejikata mara nyingi, mwaka baada ya mwaka, katika eneo lenye maambukizi mengi, hatari huongezeka kwa kila mkato.

Ajali nyingi za sindano siku hizi hutokea mbali na meza ya upasuaji, katika kazi inayoonekana nyepesi ya kutoa damu kwa ajili ya kipimo. Mhudumu hufunga kamba ya mpira juu ya kiwiko, hutafuta mshipa, huingiza sindano, hujaza vichupa na kuondoka. Hatari huwa baada ya hapo. Wengi huchomwa wanaporudishia sindano kifuniko chake kwa mikono miwili, wanapoiacha kitandani, au wanapoisukuma ndani ya sanduku la sindano lililojaa kupita kiasi. Sindano iliyotumika haipaswi kurudishiwa kifuniko. Inapaswa kuingia moja kwa moja katika sanduku gumu lililo karibu na mkono, na sanduku hilo lifungwe likifika robo tatu.

Hata uchaguzi wa kichupa unahusika. Kichupa chenye kifuniko cha buluu, kinachotumika kupima kasi ya damu kuganda, kina dawa ya sitrati inayoishika kalsiamu ili damu isigande kabla ya kufika maabara. Kinahitaji sehemu tisa za damu kwa sehemu moja ya dawa, kwa hiyo ni lazima kijazwe hadi kwenye alama na kugeuzwa taratibu mara chache. Kikijazwa nusu, au damu ikihamishwa humo kutoka kichupa kingine, majibu hupotosha na mgonjwa huitwa tena. Kuchomwa mara ya pili ni maumivu kwa mgonjwa na hatari nyingine kwa anayemchoma.

Ajali ikitokea, saa zinahesabika. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, bila kulikamua wala kulisugua kwa dawa kali. Aliyeumia atoe taarifa hapo hapo, hata kama ni usiku, na hata kama anamwonea haya mkubwa wake wa kazi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zianze haraka iwezekanavyo, kabla ya kupita saa 72, na zimezwe kwa siku 28. Dawa hizo zipo katika mipango ya afya ya nchi zote za ukanda huu. Lucille hakuzipata kwa sababu hazikuwa zimevumbuliwa. Mhudumu wa leo anaweza kuzikosa kwa sababu tu alinyamaza.

Mwaka 2022 Ebola ilirudi Uganda, ikiwa ya aina ile ile iliyoshambulia Gulu. Wahudumu wa afya walikuwa tena miongoni mwa waliougua na kufa, akiwamo daktari Mtanzania aliyekuwa Uganda akisomea upasuaji. Virusi havikuuliza pasipoti, na hospitali za ukanda huu zimezoea kwa muda mrefu kupeana wanafunzi, walimu na wagonjwa kuvuka mipaka. Muuguzi akikosa kinga upande mmoja wa mpaka, hatari inaweza kufika upande wa pili kwa basi la kesho.

Lacor sasa ni moja ya hospitali kubwa zisizo za faida nchini Uganda, ikiwa na vitanda vipatavyo 480 na vituo vya afya huko Opit, Amuru na Pabbo. Inaendeshwa na Waganda, kama Piero na Lucille walivyotaka. Madaktari na wauguzi wanafunzi hufunzwa humo, na somo la kujikinga na damu ni kati ya masomo wanayoanza nayo.

Makaburi ya Lucille, Piero na Matthew yako katika ua wa hospitali hiyo. Wauguzi wanafunzi hupita karibu nayo wakielekea wodini, glavu mpya zikiwa mfukoni.